Watu Hualikwa Mlangoni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile Ijumaa niliyoitisha mkutano akaja bawabu peke yake. Naye alikuja kwa kuwa alidhani kuna chai na mahamri. Alipoona meza ni tupu aliaga kwa adabu akarudi langoni kwake, nikabaki na viti nilivyovipanga safu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Bondeni, nimetoka chuoni na cheti kipya, nikaajiriwa kwenye ghala moja la chai upande wa Shimanzi. Chai ikija kutoka bara, sisi tunaichanganya, tunaitia kwenye mifuko mikubwa ya karatasi, kisha inakwenda bandarini. Haukupita muda mrefu meneja akanifanya msimamizi wa zamu. Zamu yenyewe ilikuwa ya kina mama watupu, baadhi yao Waislamu wa mjini, wengine Wakristo kutoka Rabai, Kaloleni na hata Ukambani. Wengi walinizidi umri, na wote walinizidi kazi. Mimi nilichowazidi ni kile cheti.

Basi nikajitia ukubwa. Asubuhi naingia na salamu moja ya jumla, "Habari zenu," halafu moja kwa moja ofisini. Nikiwa na neno, naliandika na kulibandika ubaoni. Niliona huo ndio ustaarabu, maana neno likiandikwa hapana wa kusema hakusikia. Wewe wazijua salamu zetu za Mombasa, kuulizana hali, wazee, watoto, mpaka jirani wa jirani. Wageni husema tunapoteza wakati. Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa, lakini nilishageuka mgeni.

Wiki ile meli ilifika kabla ya siku yake, na mzigo mkubwa wa chai ulitakiwa uwe tayari Jumatatu asubuhi. Meneja aliniambia waziwazi kwamba kazi hii ikitushinda, mwenye chai atahamia ghala jingine na zamu yangu itafungwa. Kufungwa zamu maana yake ni kina mama wale wote kurudi majumbani bila kazi. Chai ingetufikia Jumamosi usiku, basi njia ilikuwa moja tu, tufanye kazi Jumapili. Lakini Jumamosi na Jumapili zilikuwa siku za mapumziko, na pale ghalani mtu halazimishwi kuja siku hizo, huja kwa hiari yake. Ndipo nikabandika tangazo la mkutano wa Ijumaa jioni, na matokeo yake nimeshakwambia.

Nilitoka pale na hasira. Sikwenda nyumbani, nilipitia Mji wa Kale, Kibokoni, kwa shangazi yangu Bi Maimuna. Shangazi alikuwa mwalishi. Palipo na harusi, wenyewe humtuma yeye nyumba hadi nyumba, awaalike watu kwa mdomo. Kadi za kuchapisha zilikuwapo, lakini kwetu mtu haendi harusini kwa kadi. Asipofuatwa mlangoni kwake huhesabu hakualikwa, na siku ya harusi hukaa ndani hata kama ngoma inalia ukuta wa pili.

Nilimkuta amenyosha miguu, anajikanda visigino. Nikammwagia yote, jinsi nilivyodharauliwa na jinsi nitakavyowaadhibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na hao watu," akauliza, "uliwaalika?"

"Nilibandika tangazo, shangazi."

Alicheka hata akashika ubavu. Kisha akanitazama kwa yale macho yake makali.

"Ukuta ndio uloalikwa, mwanangu. Basi ngoja ukuta uye ukufanyie kazi."

Neno lile lilinichoma, sitaki kukudanganya. Shangazi hakunibembeleza. Aliniambia kesho asubuhi nifuatane naye, ana nyumba za kualika.

Nyumba ya kwanza tuliyopiga hodi ilikuwa ya mama mmoja aliyegombana na mamake bibi harusi, na mji mzima ulijua. Nilimuuliza shangazi chinichini kwa nini tuanze na huyu, si bora aachwe wa mwisho. "Alonuna huanzwa," akanijibu. "Ukimwata mwisho, atayua nawe umenuna." Tuliketi, tukaulizana hali mpaka mimi nikachoka, na harusi haijatajwa. Ilipotajwa ilichukua maneno machache tu, na yule mama akasema atakuja.

Nyumba nyingine mwenyewe alisema hataweza, mumewe mgonjwa. Shangazi hakusukuma. Aliomba kumuona mgonjwa, akamwombea dua, akaketi naye kidogo. Tulipokuwa tunatoka, yule mama akasema mwenyewe kwamba atapeleka masinia yake makubwa yatumike. Wahenga husema kataa neno, usikatae wito. Siku zote nilidhani hilo wanaambiwa wenye kuitwa. Siku ile nilijua lina upande wa pili, kwamba na mwenye kuita asimchukie aliyekataa neno, kwa sababu wito ameshauitikia.

Alasiri nilimuaga shangazi nikashika njia peke yangu. Nilijua ni mlango upi wa kuanza nao, na miguu haikuutaka. Ulikuwa wa Mama Sidi, mtu wa Kaloleni, aliyekuwa pale ghalani tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kila mtu alitazamia yeye ndiye atakayekuwa msimamizi. Alipanga chumba Tononoka. Nilipiga hodi, akafungua, akanitazama, na ile karibu yake ilikawia. Lakini muungwana hamfukuzi mgeni. Alinipa kigoda nikaketi.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mle ndani nilimkuta mamake amelala, mgonjwa, ameletwa kutoka Kaloleni kwa matibabu. Kumbe ndiyo sababu ya Mama Sidi kuchelewa kazini asubuhi. Mimi kuhusu kuchelewa kule nilikuwa nimemwandikia barua ya onyo, kumuuliza sikumuuliza. Nilimwamkia bibi yule, nikashika mkono wake, nikazungumza naye kwa muda. Kisha nikamgeukia mwanawe, nikamwita Mama Sidi, nikamwambia kilichonileta.

"Bi Rukia," akasema, "tangu upewe ofisi ile, leo ndiyo mara ya kwanza kuniita kwa jina. Na umeniita kwa kuwa una shida."

"Ni kweli, mama," nikamwambia. "Nina shida. Na shida yenyewe ni yetu sote, ila nyinyi hamkuambiwa."

Nikamweleza habari ya meli, na kwamba zamu itafungwa. Alishtuka. Aliniuliza kama hilo nililiandika ubaoni, nikakiri sikuliandika; tangazo lilisema mkutano, kila mtu ahudhurie, basi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaniambia Jumapili asubuhi ni ya kanisa, yeye yumo kwenye kwaya na hawezi kuacha. Nikamjibu simwombi aache ibada yake. Akiweza kuja baada ya hapo nitashukuru, asipoweza sitakuwa na kinyongo.

"Nimesikia," akasema. "Lakini siahidi."

Nilitoka pale nikaendelea, Tononoka, Majengo, Bondeni kwetu, mpaka magharibi ikanikuta njiani. Wako waliokubali na wako waliokataa, na wengine sikuwakuta. Nilinyweshwa chai nyumba baada ya nyumba na watu ambao mimi sijawahi hata kuwavutia kiti. Haya niliyoyasikia mchana ule kuhusu wagonjwa, watoto na nyumba zao, nilifanya nao kazi miezi na miezi bila kuyajua.

Jumapili nilifungua ghala mapema. Walikuja wengi wa kina mama wa mjini, tukakaza mikono. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa wachache kwa mzigo ule. Ilipofika adhuhuri nilijua kwamba hatutamaliza. Nilianza kufikiria nitawatazama vipi Jumatatu, waliokuja na wasiokuja, nikiwaambia zamu imefungwa.

Haikuchukua muda nikasikia sauti za wanawake wanaimba langoni. Alikuwa Mama Sidi, na nguo zake za kanisani, leso ameishika mkononi tayari kujifunga. Nyuma yake walikuwa wenzake wa kwaya niliowatembelea, na nyuma yao kundi la kina mama wa zamu yetu ambao mimi sikuwafikia kabisa, wanaokaa ng'ambo, Changamwe. Yeye alinipita akielekea kwenye mizani, akasema bila hata kusimama:

"Wale wa Changamwe hukuwafikia. Nikakwendea mimi."

Machozi yalinitoka, mwanangu, nikageukia mifuko ya chai nijifanye nahesabu. Kumbe nilipotoka kwake naye alitoka, akamwacha mamake na jirani, akavuka kwenda kupiga hodi kwa ajili yangu. Tulimaliza kazi jua halijazama. Zamu haikufungwa, na Mama Sidi nami tulifanya kazi pamoja miaka mingi, akinikemea mara kwa mara kwamba natembea upesi mno.

Sasa nisikilize, wewe uliyepewa ofisi juzi na jina lako limeandikwa mlangoni. Cheo utapewa na aliye juu yako, lakini kufuatwa utapewa na hao unaowaongoza, nao hawashurutishwi. Wajue watu wako kabla hujawa na haja nao. Ukiwa na jambo zito, liendee kwa miguu yako na uwaambie ukweli wote, si nusu. Aliyekukasirikia umwanze yeye. Akikwambia la, lipokee kwa moyo mweupe, huenda kesho akakuletea alichonacho. Na ukikosea, sema nimekosea, ulimi hauvunjiki.

Mungu akujaalie kauli njema na kifua cha kuhimili watu. Awape afya hao walio chini ya mkono wako, na nyumba zao azitie baraka. Na mahali ambapo miguu yako haitafika, akupe mtu wa kukwendea. Amin.