Picha za Cimpunda Zilipigwa La Botte

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, nilishuka tena La Botte nikiwa nimemshika koko mkono. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Bukavu, na huyu alikuwa mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Mimi siku hizi nakaa Shabunda, nafundisha shule ya msingi, na kutoka huko hadi mjini si safari ya kukurupuka. Unangoja ndege ndogo, na ndege nayo inangoja mawingu yaondoke. Lakini koko alikuwa amenipigia simu mwenyewe, jambo asilolipenda kamwe, maana alidai simu inamla maneno. Aliniambia hili tu: "Kuya unipige picha, mbele ya kufa."

Wewe ambaye hukukulia kwetu utaona maneno hayo, kwamba nije kabla hajafa, yanatisha. Kwetu hayatishi. Mtu akifa, picha yake kubwa huwekwa mezani nyumbani kwenye kilio, maua pande zote, na kila anayeingia huisimamia kwanza kabla ya kuwapa pole wafiwa. Babu yangu alikufa bila picha hata moja. Wakaweka kofia yake juu ya meza, watu wakalia mbele ya kofia. Koko hakuisahau aibu ile. Nilipokuwa mdogo, akiwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, au anachambua maharagwe, angeweza kusema bila kuulizwa, "Mie hamutanilia na kofia."

Kwa hiyo nilijua nimeitiwa nini, na nilijua pia tutaipiga wapi. Hakukuwa na haja ya kuuliza. Watu wa Cimpunda picha zao zilipigwa mahali pamoja tu.

Ngoja nikueleze. La Botte ni kipande cha nchi kinachoingia ndani ya ziwa Kivu, na ukikitazama kutoka juu utaona kwa nini kiliitwa kiatu. Wabelgiji walijenga huko nyumba zao: kona za mviringo, balkoni, madirisha mapana, bustani zinazoteremka hadi majini. Sisi tulikuwa juu, Cimpunda, katika komini ya Kadutu, nyumba za mbao zimebanana hata jirani akipiga chafya unamjibu ukiwa kitandani. Vichochoro vyetu vilikuwa vyembamba kiasi kwamba wanawake wawili wenye beseni kichwani walipokutana ilibidi mmoja arudi nyuma. Asubuhi moshi wa makaa ulituamsha, kisha kengele ya misa, kisha sauti za watoto wanaogombea zamu ya kwenda kuchota maji. Na chini kabisa, ng'ambo ya mabati yote, ziwa lilikuwa limetulia na La Botte imelala juu yake na miti yake. Tuliishi tukiitazama.

Kipaimara, komunio ya kwanza, ubatizo, ndoa, diploma: kila jambo kubwa lilimalizikia huko. Mpiga picha wa mtaa wetu, mwanamume mrefu aliyependa kukohoa kabla ya kusema jambo, aliwakusanya watu Jumapili baada ya misa na kutushusha kwa mstari. Msimu wa mvua ndio uliokuwa na kazi. Matope ya Kadutu hayamheshimu mtu aliyevaa nguo nyeupe. Tulishuka na kandambili za plastiki, viatu vyema tumevikumbatia kifuani, magauni yamekunjwa hadi magotini. Karibu na soko la Nyawera palikuwa na bomba. Hapo tulioshwa miguu mmoja mmoja, tukafutwa kwa kitenge, na ndipo viatu vikavaliwa, kwa sababu toka hapo ilikuwa lami. Jozi moja ya viatu vyeupe ilihudumia wasichana wote wa kichochoro chetu. Mwenye mguu mkubwa alikunja vidole, mwenye mguu mdogo alijaza kitambaa, na katika picha zetu sote tuna viatu vilevile.

Nyumba aliyotupeleka mpiga picha ilikuwa na ngazi pana za mawe mbele, zilizozungukwa na maua ya zambarau yaliyopanda hadi kwenye balkoni. Alikaa humo mzungu mzee aliyebaki peke yake tangu enzi za mashamba ya kinakina, ule mti wa dawa ya malaria, na kila siku baada ya chakula cha mchana alilala. Sentineli wake, mlinzi wa geti, alikuwa mtu wa kwetu, anasali nasi. Mzee akishalala, geti lilifunguka kidogo, tukaingia tukinyata. Majani hatukuruhusiwa kuyakanyaga. Kuongea hatukuruhusiwa. Mpiga picha alimeza kikohozi chake, akatupanga kwa ishara za mikono, na alipolazimika kusema alinong'ona, "Funga kinywa, picha haiko ya meno." Ndiyo maana ukiangalia picha zetu unaweza kudhani tulikuwa watoto wenye huzuni nyingi. Hatukuwa na huzuni. Tuliogopa kumwamsha mzee.

Halafu furaha ilikuja. Tulitoka mbio hadi ufukweni, ambako akina mama walikaanga sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, katika sufuria za mafuta meusi. Tulivila vizima, vichwa na mikia, kwa pilipili iliyotutoa machozi. Koko alifungua kitambaa chake, akatoa bugali ya mihogo aliyoisonga asubuhi, imekwisha kupoa na kuwa ngumu, na sijawahi kula chakula kilichonikaa hivyo tangu siku hizo. Ng'ambo tuliona vilima vya Rwanda. Viatu vilikwisha kuvuliwa na kukusanywa, maana Jumapili ijayo vilikuwa na mguu mwingine.

Nitakuchekesha. Mpaka nilipofika darasa la pili niliamini nyumba ile ni yetu. Sebuleni kwetu ukutani mama yangu amesimama kwenye ngazi zile siku ya ndoa, mjomba yuko hapo na diploma, dada yangu yuko hapo na mshumaa. Mtoto angedhani nini? Nilidhani kuna sababu fulani ya watu wazima inayotufanya tukae Cimpunda kwa muda. Mwalimu alipotuambia tuchore nyumbani kwetu, nilichora ngazi, maua, na balkoni ya mviringo. Wenzangu wakacheka. Mwalimu akaichukua karatasi, akaitazama sana, akasema polepole, "Na mie niko na picha pale." Akanirudishia.

Na kwenye vilio ilikuwa hivyohivyo. Kila marehemu wa mtaa wetu, awe mwashi, mfumaji wa vikapu au mama wa sokoni, alituaga akiwa amesimama mbele ya ngazi zile. Mgeni angesema wafu wote wa Cimpunda walikuwa matajiri wa La Botte.

Koko peke yake hakuwamo. Jumapili zote hizo alisimama nyuma ya mpiga picha, mikononi kandambili zetu zote zenye matope, akitusimamia kola na riboni kwa macho. Mtu alipomwambia aingie na yeye, alisema nani atashika hizi.

Kisha moto ukaja, kama unavyokuja Kadutu mwaka baada ya mwaka. Mbao zimeshikana, jiko moja likianguka kichochoro kizima kinakwenda. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, niliambiwa tu. Walisema koko aliingia ndani mara moja na kutoka na bati la biskuti lililojaa picha, nywele zikinuka kuungua. Hakutoka na sufuria, hakutoka na godoro. Kiwanja kiliuzwa, naye akahamia Bagira kwa tantine, mama yangu mdogo, na bati lake chini ya kitanda.

Basi mwaka jana tukashuka, mimi na yeye. Alivaa kitenge cha buluu ambacho alikuwa akikitunza kwa ajili hiyo na kilemba chake kizuri. Lami ya zamani ilikuwa imebomoka kiasi kwamba ningeweza kumuosha miguu tena tulipofika. Nyumba nyingi za Wabelgiji zimevunjwa, zimekuwa magorofa yenye vioo yanayosukumana kulisogelea ziwa. Lakini yetu, nasema yetu kwa mazoea, ilikuwa imesimama. Imepakwa rangi nyeupe, imekuwa restora. Kwenye majani yale tuliyokatazwa kukanyaga kulikuwa na meza na miavuli, na wageni wawili waliokuwa wakipiga picha maua na balkoni huku mtu wao akiwasimulia habari za wakati wa ukoloni. Nilitega sikio. Habari zetu sisi hakuzisimulia.

Sentineli, kijana mwenye sare, alituuliza kwa adabu, "Maman, munakuja kula?"

"Tunakuja kwa picha," nikasema.

"Kama muko ma-kliya, hakuna shida. Mukule kwanza."

Tukakaa kama wateja. Koko aliketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyeombwa kusubiri. Aliagiza sambaza. Zikaletwa katika sahani nyeupe kubwa, zimepangwa vizuri na kipande cha ndimu, na vichwa vimekatwa. Alizigeuza kwa kidole.

"Vichwa wameweka wapi?"

"Wageni hawapendi vichwa, koko."

Akala moja, akasukuma sahani kwangu. Alitazama nyumba kwa muda mrefu. Nilifikiri anafurahi, na mimi moyo wangu ulikuwa umejaa, kwa sababu hatimaye alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, bila kunong'ona, na hakuna wa kulala ndani. Nilimwongoza hadi kwenye ngazi. Nikamnyoosha kitenge. Nikarudi nyuma na simu yangu, mahali hasa alipokuwa akisimama mpiga picha.

Aligeuka akatazama mlango nyuma yake. Kisha akashuka, akishikilia ukuta.

"Hapana," akasema. "Hapa nilikuwaka naleta watu. Mie sikukalaka hapa."

"Koko, lakini sisi wote—"

"Nyie muko batoto. Mie watu wakikuja kunilia, wataona mulango ya nani?"

Alikuwa amechoka, na nilimsihi, kwa sababu niliogopa hatutapata siku nyingine na kofia ilikuwa inanijia akilini. Alinipita, akamwambia sentineli asante, akasimama barabarani kungoja pikipiki.

Tulipanda Cimpunda, yeye katikati ya motari, mwendesha pikipiki, na mimi, nikihisi mbavu zake kwenye kila shimo. Mahali petu pana nyumba ya matofali mabichi na bati, na mwanamke tusiyemjua alikuwa akianika nguo. Koko alimsalimia, akamweleza. Mwanamke hakushangaa hata kidogo. Alisogeza nguo pembeni, akaleta kiti, akafagia hapo mbele. Koko alikataa kiti. Alitembea kiwanjani, huku mkono ukigusa hewa mahali fulani, akasimama, akageuka.

"Piga."

Nikapiga. Yumo ndani ya picha ile, ametazama mbele, nyuma yake ukuta wa watu wengine na shuka lao. Hakufunga kinywa wala hakucheka. Anaonekana kama mtu aliyeko kwao. Ni picha moja tu. Nilipotaka kuongeza alisema inatosha.

Alifariki mvua zilipoanza. Picha iliwekwa mezani, na maua, na watu wa Cimpunda walipanda hadi Bagira kumlilia. Wazee walisimama mbele yake kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nilimwona mama mmoja aliyekuwa jirani yetu akiikaribia na kuishika kioo, akasema kwa sauti ya chini, "Iko kwenu," kisha akakaa chini akalia sana.

Usiku ule hatukuwa na usingizi, sisi wajukuu, tumekaa nje kando ya moto. Mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa baada ya nyumba kuungua, aliuliza pale kwenye picha ni wapi. Nyumbani kwetu, tukasema. Akauliza nyumba yenyewe ilikuwaje. Dada yangu akaanza kueleza, kaka akamkatiza: jiko halikuwa upande huo. Mimi nilisema mlango ulitazama ziwa. Dada akasema ulitazama kichochoro, yeye alilala karibu nao, anajua. Rangi ya madirisha hatukukubaliana. Kama yalikuwapo mawili au moja, hatukukubaliana. Nikaleta bati, tukamimina picha zote juu ya mkeka, tukazipitia kwa mwanga wa simu, na zote zilikuwa ngazi. Ngazi na mama, ngazi na mjomba, ngazi na mimi na viatu vyeupe. Nyumba ya mzungu tunayo kila upande, katika kila msimu. Nyumba tuliyozaliwa ndani yake, tuliyolala sita chini ya bati lililovuja, hakuna aliyewaza kuipiga hata siku moja. Tuliona haya nayo, na sasa haipo popote, hata vichwani mwetu haipo sawasawa.

Tulibishana mpaka sauti zikapanda. Ndipo kaka yangu akatupa mikono, akasema, "Basi, tuulize koko," na wote tukageuza vichwa kuelekea sebuleni.