Binti Aliyekuja Kuniita Nimwoshe

Andika, mjukuu wangu, wala usinipunguzie neno. Baba yangu ni Bakari bin Omari, mama yangu ni Mwanaidi binti Juma, na mimi nilizaliwa Tongoni. Shule sikuiingia hata siku moja. Haya niliyaona kwa macho yangu, hapa Ngamiani, mchana kweupe. Asiyeamini na akae na shaka yake.

Unajua kazi yangu ilikuwa kuosha maiti wa kike. Siku hiyo, baada ya adhuhuri, alikuja mlangoni binti aliyevaa sare ya ile shule ya bweni ya matajiri, iliyo njia ya Muheza, na leso imemzunguka shingoni. Akaniamkia shikamoo, akasema kwao kuna msiba, naye ametumwa kuniita. Tukafuatana. Njia nzima watu walinisalimu mimi. Yeye hakuna aliyemtupia jicho. Ningeshuku nini? Nilidhani wanamwachia mfiwa huzuni yake.

Tulipokaribia akasema, "Bibi, ukifika shingoni, simama. Mngoje mama."

"Tangu lini mtoto akanifundisha kazi?" nilimkemea.

Alitangulia kuingia ndani.

Ami wa marehemu alinieleza kwamba binti huyo aliteleza bafuni huko shuleni, kwamba mama mtu yuko njiani kutoka Dar es Salaam, na kwamba maziko ni baada ya alasiri, kwa kuwa maiti hacheleweshwi. Matroni wa bweni, aliyeuleta mwili, alikuwa chumbani, amekwisha kushika kata ya maji. Nikafunua uso. Wallahi, alikuwa yule yule niliyeongozana naye, na leso ile ile shingoni.

"Hapo nimekwisha kupasafisha, bibi," alisema matroni. "Tumvishe sanda tu."

Nikaifungua leso. Alama za vidole, mjukuu wangu, pande zote mbili.

Sasa elewa: mwosha haruhusiwi kutoa nje aibu aliyoiona mwilini. Waosha wenzangu waliokuwa chumbani walininong'oneza nimstiri, niendelee. Maji yangemiminwa, sanda ingefungwa, na udongo ungemaliza maneno yote. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani, "Huyu haoshwi mpaka mama yake amwone."

Mama alifika, akaona, polisi wakaitwa. Baadaye matroni alikiri kumkaba: binti alikuwa ameapa kumshitaki yeye matroni kwa kumpiga mtoto mdogo wa bweni hadi akazimia.

Tangu hapo sijaitwa tena kuosha. Wanawake husema natoa siri za maiti. Na shikamoo ya mtu niliyempa mgongo siiitikii mpaka nigeuke nimwone uso. Nawe usomaye haya, ukiharakishwa kuzika, mtazame vizuri anayekuharakisha.

Jina la binti usiliandike. Mama yake yu hai. Lakini hili lihifadhi: siku yangu ikifika, nitafutie mwosha asiyeogopa kusema.