Kikonyo cha Mwamini

Dada yangu Mwamini alizaliwa Mbekenyera, lakini sifa zake zilikuwa Nachingwea, kwenye kitalu cha miche ya mikorosho. Kazi yake ilikuwa kubebesha: anachana shina la mche mchanga kwa kisu, anachomeka kikonyo, ncha ya tawi la mkorosho bora, anafunga kwa utepe wa nailoni. Kwa siku alibebesha miche mia mbili, na mingi ilishika. Mimi Hajra, mdogo wake, nilijaribu wiki moja nikajikata kidole, nikarudi kwenye ufuta wangu.

Meza moja alifanya kazi na Ignasi wa Mnero, Mmakonde, mtani wetu sisi Wamwera. Wale wawili walitukanana tangu asubuhi.

"Mla panya, umefika?"

"Nimefika, Mmwera. Kwenu hata panya wamehama kwa njaa."

Mgeni angedhani wanagombana. Mimi walikuwa wananiudhi, maana sikuwahi kupata nafasi ya kusema langu.

Mwaka 2001 vidole vya dada vikaanza kukakamaa. Ngozi ilivutika, ikang'aa, ikawa ngumu kama ya ngoma. Utepe ukamshinda kufunga. Mdomo nao ukabana, kijiko kikawa kinapita kwa taabu. Watu wakasema karogwa, nami nikawajibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Mwaka uliofuata pumzi ikawa inamkatika hata akitoka uani tu.

Hospitali tulikwenda watatu, kwa sababu Ignasi alikataa kubaki. Daktari Fidelis, kijana aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, alitueleza taratibu. Kinga ya mwili wa dada ilikuwa imemgeuka mwenyewe. Dawa zilizopo zilipunguza kasi tu. Huko alikosoma walikuwa wanajaribu njia mpya: wanavuna chembe mama za damu, zile zinazoizaa kinga, wanaiua kinga yote kwa dawa kali, kisha wanazirudisha zile chembe ili kinga iote upya.

"Kumbe ni kubebesha!" Ignasi akasimama, anakunja mkono wa shati. "Kikonyo chukua kwangu. Akiamka anaongea Kimakonde, shauri yake."

Daktari akacheka. "Hapana, mzee. Kikonyo ni chake mwenyewe."

"Mti mgonjwa ubebeshwe kikonyo chake?" dada akauliza, kifundi kabisa. "Si ugonjwa utabaki ule ule?"

"Zile chembe bado changa, mama. Wanatumaini zikianza upya hazitamshambulia mwenyewe. Kuna ambao ngozi imelainika. Na kuna ambao dawa yenyewe imewaua." Akatazama karatasi zake. "Hapa nchini hatuna. Na kwa mapafu yako yalivyo, hata kule wasingekupokea."

Kesho yake Ignasi alikuja nyumbani na papai lililopondwa. Akavua kofia mlangoni.

"Shikamoo, dada Mwamini," akasema. Na alimzidi dada miaka minane!

Dada hakulia hospitali. Alilia pale. "Hajra, umemsikia? Ignasi ameshanizika."

Nilitaka kumfukuza. Lakini yule mtu alisimama tu na kofia yake mkononi, machozi yanamtiririka, nikamhurumia.

"Nitukane," dada akamwambia. "Nitukane, au ondoka."

"Mmwera mvivu wewe," Ignasi akasema hatimaye. "Kuugua kote huku, kumbe unakwepa miche."

Dada akacheka mpaka mdomo wake ukapasuka pembeni. Nikamfuta damu kwa kanga yangu, naye anaendelea kucheka. Nilimpenda sana dada yangu siku ile, na kwa mara ya kwanza nikampenda na Ignasi.

Dada aliishi miezi kumi na minne tena. Ignasi alikuja kila jioni akitoka kazini, akamlisha, akamtukana, akajibiwa. Jioni ya mwisho pumzi ilikuwa fupi mno. Ignasi akamwambia kwamba ana miguu ya kuku, tena kuku wa kitoweo cha msiba. Dada akamtazama, akanyanyua kidole kumwambia asubiri. Alifariki hivyo, anatafuta jibu.