Bibi Harusi Aliyejifunika Kwenye Kanda

Usinambie niliota. Ndoto gani ya saa tisa mchana, deki ya video inanguruma na mimi nimetoa macho kodo? Yalinifika mwenyewe, nyumbani kwangu mtaa wa Shika Adabu, na wallahi siongezi neno.

Kazi yangu ni kutoa kanda za video za zamani na kuzitia kwenye kompyuta. Wateja wangu ni kina mama, maana kanda za kupamba, ile sherehe ya kumpamba bibi harusi, ni za wanawake watupu. Bibi harusi yuko kichwa wazi, na hakuna atakaye mwanamume amwone. Ndiyo maana nikifanya kazi hufunga mlango kwa komeo.

Fatma, binti wa jirani, aliniletea kanda ya kupamba ya mamake. Mamake alifariki akimzaa yeye, na picha nyingine hakuacha.

"Dada, uso wa mamangu sijawahi kuuona," akanambia.

Kanda ilikuwa na ukungu. Nikaisafisha siku mbili, taratibu, maana ikikatika ndiyo basi tena. Na kwa kujigamba kwangu nikaahidi kuirusha kwenye grupu la ukoo wao, wote wafaidi. Grupu lenyewe lina wajomba, mabinamu, mpaka mashemeji! Nilikuwa na akili gani mimi?

Basi kanda ikaanza. Picha safi, mpaka maua ya hina mikononi unayaona. Nikasikia hodi, nikaitikia karibu bila kugeuka. Mwanamke wa buibui, kajifunika uso, akaja kukaa kando yangu. Nikadhani mteja.

"Hii itaonwa na nani?"

"Ukoo mzima, inshallah."

"Na wanaume?"

Nikacheka. "Aa, bibi we! Si marehemu huyo?"

"Kwani marehemu hana haya?"

Nikageuka nimjibu. Alikuwa amefunua uso. Yule yule wa kwenye kanda, wanja ule ule, asumini kichwani mbichi, zanukia! Nikatazama kompyuta, na bibi harusi kule ndani akavuta leso, akajigubika kichwa na uso. Kugeuka tena, kiti kitupu. Na komeo, niamini, lilikuwa limefungwa vile vile.

Fatma alipokuja, nikamwekea. Mimi naona leso tu usoni, mwanzo hadi mwisho. Yeye akashika mdomo.

"Dada, mbona nimefanana naye hivi! Tazama anavyocheka!"

Akalia, nami nikalia. Nikamtilia kwenye flashi, nikampa mkononi, na kwenye mashine yangu nikafuta. Grupuni haikwenda.

Mpaka leo nikitia kanda ya kupamba, hulitazama komeo kwanza. Nawe unayenisoma, kama unayo ya mamako au ya nyanyako, itie kwenye kompyuta, itazame, ulie. Lakini kabla hujairusha kwa watu, mfikirie mwenyewe aliyemo. Mimi niliulizwa ana kwa ana.