Kona Aliyomtengea Mama

Mume wangu Ntare hajui kukaa. Hata chai anainywa amesimama, jicho mlangoni. Mchana kutwa anachomelea mageti ya watu pale Remera, jioni anapanda pikipiki mbio Rusororo kwenda kupapasa kuta za nyumba anayoijenga. Nimezaa naye, nimezeeka naye kidogo, na sijawahi kumwona ameegemea kiti akatulia.

Ukimuuliza, atakwambia ni Karagwe. Sote wawili tulizaliwa huko, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, tukidhani ndiyo kwetu mpaka tulipoambiwa kwetu ni kwingine. Tukavuka mpaka pale Rusumo na magodoro kichwani. Baba yake alibaki kaburini mwake, maana kule mtu huzikwa nyumbani, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Siku ya kuondoka, Ntare alimshika mama yake mkono pale kaburini akamwambia, "Mama, wewe nitakulaza kwenye ardhi yetu wenyewe." Ahadi hiyo ndiyo iliyoijenga nyumba ya Rusororo, na nusura iibomoe.

Nyumba yenyewe aliitaka isitegemee mtu. Umeme wa jua, maji ya mvua kutoka kwenye bati hadi tangi, ng'ombe mmoja ambaye samadi yake itatoa gesi ya kupikia. "Waya wa watu, watu watakuja kuukata," anasema. Haya, sawa. Kuta ni za rukarakara, matofali ya udongo na nyasi yanayokaushwa kwa jua tu, bila tanuri. Udongo tuliukanyaga wenyewe, mimi, yeye na binti yetu Shami, mpaka visigino vikapasuka. Nilifurahi, jamani! Miaka yote tumepanga Gisimenti nyuma ya baa, muziki unatikisa sufuria, na Mama Épiphanie, mama mkwe wangu, anaketi kitandani kila asubuhi na swali lake lilelile: "Nyumba imefika wapi?"

Kuta zilipofika usawa wa paa, mzee Gratien, kiongozi wa mtaa wetu wa Rusororo, alipita kutusalimu baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Ntare akamtembeza kwa mbwembwe. Tangi litakaa hapa, zizi pale. Akamfikisha kona ya chini, alikopanda migomba kuzunguka kipande cha ardhi tupu, akasema, "Na hapa atalala Mama, Mungu akimwita."

Gratien akavua kofia. "Oya, Ntare, hapana. Huku hakuna kuzika nyumbani. Iko makaburi ya watu wote. Tajiri, maskini, wote wanaenda huko."

"Hata kama ardhi ni yangu?"

"Hata kama. Kwani hukuuliza?"

Hakuuliza. Nani angeuliza? Kwa mtu wa Karagwe ni sawasawa na kuuliza kama unaruhusiwa kupika jikoni kwako.

Tangu siku hiyo kazi ikasimama. Mabati yamelala chini, mbao zipo, fundi wa paa anapiga simu na Ntare hapokei. Huku mawingu yanakusanyika, na ukuta wa udongo usio na paa, mvua kubwa moja tu inaurudisha kuwa tope. Nilisema, nikagomba, nikalia. Yeye anazunguka tu, mikono nyuma. "Mama nitamwambia nini, mama Shami?"

"Mwambie ukweli! Au mwambie mwanao kwamba atakulia nyuma ya baa!"

Akatoka nje. Mwanamume huyu, kwa kutoka nje hajambo!

Hasira zikanipanda. Asubuhi iliyofuata nilimwogesha Mama, nikamvika nguo zake za kanisani, nikakodi gari na kumpeleka mwenyewe. Ntare alikuwa ametutangulia, anazizunguka kuta zake. Alipomwona mama yake anashuka garini, alisimama kama aliyefumaniwa.

Nikasema palepale, kabla sijaogopa. "Mama, nchi hii hawaruhusu kuzika nyumbani. Ile kona yenye migomba alikutengea wewe, na haitawezekana. Ndiyo maana ameacha kujenga."

Mama aliitazama ile kona. Aliitazama mpaka nikaanza kujuta, nikasema moyoni, lo, Kellen, umemuua mama wa watu. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Baba yako nani anampalilia sasa?"

Ntare akainama kuokota kipande cha tofali.

"Shamba lina mwenyewe mwingine. Labda wanalima juu yake, labda wamefunga mbuzi hapo. Nawaza hilo kila siku ninayoamka. Halafu na wewe unataka kunichimbia mahali pengine pa kuniacha hivyohivyo?" Akaigonga fimbo chini kwa hasira. "Nipelekeni kwa wenzangu, kwenye makaburi ya watu wote. Huko hata mkiondoka, wapo watakaokuja kuzika watu wao, watapita na kwangu wang'oe majani."

"Mama, hatuondoki tena." Machozi yalikuwa yanamtoka mume wangu, naye hakuyafuta. "Nakuapia. Hapa ndiyo kwetu."

Mama akainua fimbo yake, akaonyesha kuta, na lile wingu jeusi lililokuwa juu yake.

"Basi mbona hujaezeka?"