Sikio Halijui Miaka

Nilipokuwa kidato cha pili sikuwahi kuinua mkono darasani, lakini hesabu za umri nilizimaliza kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Zile za baba ana mara tatu ya umri wa mwanawe, miaka minne iliyopita alikuwa na mara nne. Nilijitungia zingine kwenye kurasa za nyuma za shajara yangu. Kwa hivyo Januari ile, mama aliponituma nimsindikize Mama Maziwa shule ya msingi kuandikisha watoto, niliogopa watu tu. Hesabu sikuiogopa.

Mama Maziwa alikuwa jirani yetu Kitengela. Alikuwa amehamia ploti ya nyuma kutoka Kisaju, na kila asubuhi alituletea maziwa. Siku hiyo alikuja na wanawe: msichana mwembamba, na mvulana aliyempita dada yake kichwa kizima.

"Takwenya, mama," mwalimu mkuu akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko."

"Hawa wako na miaka ngapi?"

"Mwalimu, mtoto hahesabiwi. Ukihesabu unaita mkosi. Hawa hapa, waangalie."

Mwalimu hakushangaa. Alitumia kipimo kilichotupima sisi sote: pitisha mkono juu ya kichwa, uguse sikio la upande wa pili. Ukiligusa, umefika umri wa shule. Mvulana aligusa, hata akalivuta. Vidole vya msichana vilikwama kwenye nywele.

"Kijana ataingia," akasema, akiandika jina lake kwenye rejista. "Huyu arudi mwaka ujao."

Mama Maziwa akanishika mkono. "Baba yake amesema, asipoingia shule sasa, anaenda Illasit kwa shangazi kulea mtoto. Akienda hiyo, harudi. Na yeye ndiye mkubwa!"

Ndiye mkubwa? Nilikuwa nimewaona miezi mitano, na siku zote nilimdhania mvulana kuwa wa kwanza. Urefu ulikuwa umenidanganya hata mimi.

Nikamvuta nje, kando ya tangi la maji. Sikumuuliza miaka. Nilimuuliza mambo.

"Msichana alikuja wakati gani?"

"Mvua ya El Niño ikianza. Krismasi hiyo nilivuka mto na yeye mgongoni, maji iko hapa." Akaonyesha kiuno.

"Na kijana?"

"Huyo ndiye alimtoa mgongoni. Yeye alizaliwa kliniki, niko na kadi yake."

Akaifungua kutoka kwenye fundo la leso. Kadi ilisema Februari 1999. Nilitaka kuruka. Niliandika mistari minne kwenye shajara, nikachana ukurasa, tukarudi ndani nikamnyooshea mwalimu mkuu. Hakuupokea.

"Una mdomo. Soma, wakili."

Walimu wawili waliokuwa kwenye meza ya pili wakacheka. Masikio yangu yaliwaka moto, lakini karatasi ilikuwa yangu na hesabu ilikuwa sawa. Nikasoma.

"Mvulana alizaliwa Februari tisini na tisa. Leo ni Januari elfu mbili na nne. Hajafika hata tano."

Kicheko kikakatika.

"Msichana alibebwa mgongoni Krismasi ya El Niño, yaani tisini na saba. Ametimiza sita, umri wa shule."

"Na kama aliyebebwa ni huyu kijana? Mama anaweza kuwa amechanganya."

"Haiwezekani, mwalimu. Krismasi hiyo kijana alikuwa bado zaidi ya mwaka mzima azaliwe. Na hana ndugu mwingine. Mgongoni alikuwa dada yake."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya mtu mzima. Mwalimu aliomba kadi, akaigeuza mbele na nyuma, kisha akamtazama Mama Maziwa.

"Mwaka huo hata mimi sikufika kwetu Krismasi. Mto ulinizuia. Wewe ulivuka wapi?"

"Pale chini ya daraja lililobomoka."

"Pale? Na mtoto?" Akatikisa kichwa. "Wewe mama ni hatari."

Akachukua rula, akakata jina la mvulana kwa mstari ulionyooka, akaandika la msichana juu yake. Msichana hakucheka wala hakulia. Alinisogelea tu akasimama karibu na sketi yangu, akiangalia kalamu ikitembea.

Mvulana ndiye aliyelia. Alilia hadi nyumbani, mkono wake ukiwa juu ya kichwa, akimwonyesha kila tuliyekutana naye kwamba sikio analigusa.