Fundo la Saba

Mti ule niliuua mimi, ingawa ulichukua miaka mitatu kufa. Ulikuwa mgrevilea, mrefu kuliko ghorofa la jirani, na ulisimama nyuma ya vyumba vya mabati ambavyo mama anapangisha huku Kawangware. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu majuzi tu, na sikuona sababu ya kumwita mtu kwa kazi ambayo ngazi na msumeno vingetosha. Nikapanda, nikaukata kichwa bapa kama meza, nikashuka nikijisifu. Ukachipua majani mengi ajabu. Sikujua kwamba kule juu nilikuwa nimeuachia kidonda kinachonywa mvua.

Kufikia mwaka wa tatu ulikuwa umeinamia vyumba. Ukiweka sikio kwenye shina ulisikia kitu kikitafuna, taratibu, bila kupumzika. Nilijiambia ni mchwa, na huenda kweli walikuwa mchwa. Lakini niliacha kuweka sikio.

"Safari hii tafuta watu wa kazi," mama aliniambia. "Wewe usiuguse."

Muuza makaa mmoja wa Makina alinielekeza kwa mume na mke wanaoishi Gatwekera, kule Kibera. Mume hupanda, mke hushika kamba chini. Walifika asubuhi kwa miguu. Mume aliuzunguka mti mara mbili. Aligusa waya wa kuanikia nguo uliokuwa umemezwa na gome. Akachutama, akavunja uyoga ulioota kwenye mzizi, akaunusa. Kisha akaanza kupiga shina kwa bapa la panga, kutoka usawa wa kichwa kwenda chini. Mti ulijibu kama mti, ukajibu kama mti, halafu ukajibu kama mtungi mtupu.

"Nani alinyoa huyu?" aliuliza.

"Mimi."

"Ulisomea?"

"Nilisomea mambo mengine."

Mke wake akacheka. "Basi endelea na hayo mengine, msichana msupa. Huku juu tuachie."

Mume alisema mti hauponi tena. Angeushusha kipande kwa kipande, kila kimoja kikining'inia kwenye kamba. Lakini kabla hajapanda, kila aliyekuwa nyumbani ilibidi atoke asimame uani. Mke alichomoa kamba nyembamba mfukoni, akapita mbele yetu akiwa ameinamisha kichwa. Kila mtu aliishika, naye akafunga fundo pale mkono ulipokuwa. Kazi ikiisha, kila mmoja angefunguliwa fundo lake ndipo arudi ndani.

"Si uhesabu tu watu?" nilimuuliza.

"Watu husogea. Mkono nikiufungia, nimeufungia."

Tulikuwa sita: mama, mimi, mshonaji wa chumba cha kwanza na mtoto wake mgongoni, na ndugu wawili washona viatu wa chumba cha tatu. Wengine walikuwa wameenda kazini. Chumba cha mwisho, kile kilicho chini ya mti kabisa, kilikuwa na kufuli mlangoni. Wapangaji wake, mume na mke, walikuwa wamehamia wiki iliyotangulia. Nilikuwa nimeivuta kufuli ile mwenyewe, nikamwambia mume wa Gatwekera: hapa hakuna mtu, nimeangalia.

Mke alifika mwisho wa mstari, akarudi akipitisha kamba vidoleni. Akasimama. "Saba," alisema.

"Tuko sita," nikasema.

Akahesabu tena kwa sauti, fundo kwa fundo. Yalikuwa saba. Nikaichukua kamba nikahesabu mwenyewe. Saba. Nikahesabu watu. Sita.

"Mtoto ameshika mara mbili," nilisema. "Watoto hushika kila kitu."

"Mkono wa mtoto naujua. Huyu ni mtu mzima." Alikunja vidole vyake, akavikunjua. "Na mkono ulikuwa baridi."

Mtoto alikuwa amegeuza shingo mgongoni mwa mamake, anatazama upande wa ukuta ambako hapakuwa na mtu. Watoto hutazama kuta. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu asubuhi ile.

"Mimi sishiki kamba ya mtu nisiyemwona," mke alimwambia mumewe.

"Buda, utapanda bila kamba?" mshona viatu mkubwa akamtania mume. Mume alikaa chini kwenye mzizi.

Nilikasirika. Nilitaka kumwonyesha tu kwamba anakosea, hiyo ndiyo kweli. Nikaenda kugonga mlango mmoja baada ya mwingine, kwa nguvu, nikisema kila mara: hakuna, hakuna. Ule wa kufuli niliugonga wa mwisho, na neno lilikuwa tayari mdomoni. Ndani, kitanda kikalia.

Nikagonga tena. Mtu akakohoa. "Nani?" sauti ikauliza, nzito, kama inatoka chini ya maji.

Mshona viatu alileta nyundo, tukang'oa komeo. Mpangaji wake, mlinzi wa usiku, alitoka akiwa na fulana na alama za mto shavuni. Alikuwa amerudi kutoka lindo alfajiri. Mke wake huuza mboga, na humfungia kwa nje ili watu wasimsumbue usingizini. Alisema alikuwa amelala fofofo, mkono ukining'inia hadi kwenye saruji.

Mke wa Gatwekera hakumsalimia. Aliushika ule mkono kwa viganja viwili, akaupima kidogo kama mtu anayechagua kitu sokoni.

"Ni huyu," alimwambia mumewe. "Panda."

Mume alipanda. Kipande cha kwanza kilishuka vizuri, cha pili pia. Cha tatu hakikungoja kukatwa. Shina lilivunjika chini kidogo ya mahali kamba ilipofungwa, pale niliponyoa mimi miaka mitatu iliyotangulia, ambapo ndani palikuwa unga mtupu. Mume alibaki ameshikwa na mkanda wake kwenye shina. Kipande kilipita kwenye mabati ya chumba cha mwisho kama kidole kwenye karatasi. Vumbi lilipotulia tulichungulia. Kilikuwa kimelala kitandani, kwa urefu, kwenye mto.

Mlinzi akauliza, "Nani aliwaambia niko ndani?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba mimi ndiye niliyesema huko ndani hakuna mtu. Mke wa Gatwekera alikuwa anafungua mafundo, hakuinua uso.

"Huyu msichana ndiye aligonga," alisema.

Tangu siku ile mlinzi hunisalimia kwa mikono miwili. Nimepanda mti mwingine, mbali na vyumba, na sijauwekea msumeno. Wale wawili huja kuupunguza matawi. Mlinzi huwa wa kwanza kutoka, ananyoosha mkono kuelekea kamba kabla hajaombwa, na kila mara anaambia wapangaji wapya kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Mimi husimama karibu naye kwenye mstari. Nimejaribu mara mbili kumwambia. Mara zote mbili alinishika mkono akacheka, na mkono wake, hata jua likiwa kali, huwa baridi.